Miguu, Maneno na Tiba ya Sonona

Sonona ni maradhi yenye hila ya pekee, kwa kuwa humnyang'anya mgonjwa nguvu zile zile ambazo angezihitaji ili apone. Mtu aliyeshikwa nayo hupoteza hamu ya chakula na ya watu, hukesha usiku na kusinzia mchana, na huiona kazi ndogo kama kufua shati moja kuwa mlima. Hali hiyo ikidumu kwa wiki mbili au zaidi, huku ikimzuia kufurahia hata kile alichokipenda tangu utoto, wataalamu wa afya ya akili huacha kuiita huzuni na kuiita ugonjwa. Kwa sababu hiyo, swali la kama mgonjwa wa namna hii atibiwe kwa kutolewa nje akatembee na kukimbia, au kwa kuketishwa mbele ya mtu aliyefunzwa kusikiliza, ni zito kuliko linavyoonekana, maana tiba zote mbili zinamtaka afanye jambo, na kufanya jambo ndiko kulikomshinda.

Tiba ya mazungumzo ni jina la jumla la matibabu ambayo dawa yake ni maongezi yenye utaratibu kati ya mgonjwa, au kundi dogo la wagonjwa, na mtu aliyesomea kazi hiyo. Hutofautiana na maongezi ya kufarijiana kwa kuwa ina idadi ya vikao iliyokubaliwa tangu mwanzo, ina lengo linalopimwa, na humbana msikilizaji asihukumu wala asitoe siri. Aina inayojulikana zaidi ni tiba ya utambuzi na tabia, ambayo misingi yake iliwekwa na daktari Aaron Beck huko Philadelphia, Marekani, katika miaka ya 1960, alipobaini kwamba wagonjwa wake wa sonona walikuwa na mkondo wa mawazo ya ghafla ya kujidharau, na kwamba mawazo hayo yakitajwa, yakapimwa kwa ushahidi na kujaribiwa kwa vitendo, hupungua makali. Aina ya pili, inayoitwa tiba ya mahusiano, ilibuniwa na Gerald Klerman na Myrna Weissman katika miaka ya 1970, nayo haianzii kwenye mawazo bali kwenye yale yaliyotokea baina ya mgonjwa na watu wake: msiba, ugomvi usiokwisha, au badiliko la maisha kama kuachishwa kazi, kuolewa mbali na kwao au kuambiwa kwamba ana virusi vya UKIMWI. Mazoezi ya nje, kwa upande wake, ni shughuli ya mwili ya kupandisha mapigo ya moyo, kama vile kutembea kwa haraka, kukimbia polepole au kuendesha baiskeli, inayofanyika penye hewa na mwanga wa jua na, inapowezekana, penye miti au maji.

Jaribio la mapema la kuzishindanisha njia hizi lilifanywa na John Greist na wenzake katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, ambao mwaka 1979 walichapisha matokeo ya wagonjwa 28 waliogawanywa, baadhi yao wakapewa tiba ya mazungumzo na wengine wakakimbia pamoja na kiongozi wa mazoezi. Waliokimbia walipata nafuu isiyopungua ile ya waliozungumza. Idadi ya 28 ni ndogo mno kubeba hitimisho, lakini swali lilikwisha kuulizwa, na kundi hilo hilo la watafiti likarudi mwaka 1985 na watu 74 waliogawanywa kati ya kukimbia, kutafakari kwa utulivu na tiba ya mazungumzo ya kikundi kwa wiki 12, ambapo makundi yote yalipata nafuu inayokaribiana. Mwaka 1999, James Blumenthal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke walileta mshindani wa tatu, yaani dawa. Watu 156 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea, wote wakiwa na sonona kali kiasi cha kuhitaji matibabu, waligawanywa kwa nasibu katika makundi ya mazoezi, ya dawa ya setralini, na ya vyote viwili kwa pamoja. Baada ya wiki 16, waliokuwa wametoka kwenye ugonjwa walikuwa takriban asilimia 60 katika kundi la mazoezi, 69 katika kundi la dawa na 66 katika kundi la vyote viwili, tofauti ambazo kitakwimu hazina uzito. Kilichowashangaza wengi kilikuja miezi kadhaa baadaye, pale ilipoonekana kwamba kati ya waliopona, waliorudiwa na ugonjwa walikuwa asilimia 8 tu katika kundi la mazoezi ilhali katika kundi la dawa walikuwa asilimia 38.

Takwimu kama hizo ndizo zilizozaa vichwa vya habari vinavyodai kwamba viatu vya kukimbilia vinashinda daktari, na hapo ndipo msomaji anapopaswa kusimama kidogo. Jaribio la dawa lina njia yake ya kujilinda na udanganyifu wa matumaini, kwani mgonjwa anaweza kupewa kidonge kisicho na dawa ndani yake bila yeye wala daktari kujua. Hakuna anayeweza kukimbizwa uwanjani bila kujua kwamba amekimbia. Zaidi ya hayo, anayekubali kuingia katika utafiti wa mazoezi huwa tayari ana imani fulani na mazoezi, na mgonjwa aliyezama kabisa, asiyeweza hata kuinuka kitandani, hafiki kwenye fomu ya kujiandikisha. Mtandao wa Cochrane, ambao kazi yake ni kukusanya majaribio yote ya tiba moja na kuyapima ubora, ulitoa mwaka 2013 mapitio ya majaribio 39 yaliyohusisha watu 2,326, na majibu yake yalikuwa na pande mbili: majaribio yote yakichanganywa, mazoezi yalionekana kusaidia kwa kiasi cha wastani, lakini yakibakizwa yale machache tu yaliyofanywa kwa uangalifu mkubwa, msaada huo ulipungua hadi ukawa mdogo na usio na uhakika. Katika majaribio 7 yaliyolinganisha mazoezi na tiba ya kisaikolojia ana kwa ana, ambayo kwa jumla yalikuwa na watu 189 tu, tofauti haikuonekana. Mapitio makubwa zaidi yaliyochapishwa mwaka 2024 katika jarida la madaktari wa Uingereza, yenye tafiti 218 na washiriki 14,170, yaliweka kutembea na kukimbia, yoga na mazoezi ya kunyanyua uzito katika daraja linalokaribiana na tiba ya utambuzi na tabia, yakaongeza kwamba mazoezi ya nguvu zaidi husaidia zaidi, ingawa waandishi wenyewe walikiri kuwa ubora wa tafiti nyingi ulikuwa duni.

Kusema kwamba njia mbili hazikutofautiana si sawa na kusema kwamba zimethibitika kuwa sawa. Watu 189 ni wachache kiasi kwamba tofauti ya kweli ingeweza kupita katikati yao bila kuonekana. Inaloruhusu hesabu hiyo ni jambo dogo zaidi lakini la manufaa, kwamba kwa mtu mwenye sonona ya wastani au nyepesi, mpango wa mazoezi unastahili kuwekwa mezani pamoja na tiba ya mazungumzo badala ya kutajwa mlangoni wakati mgonjwa anaondoka. Nchini Uingereza, mwongozo wa kitaifa wa kutibu sonona uliotolewa mwaka 2022 ulifanya hivyo hasa, ukiorodhesha mazoezi ya kikundi miongoni mwa tiba ambazo mgonjwa mwenye sonona isiyo kali anaweza kuchagua.

Neno linalobeba uzito katika sentensi hiyo ni kikundi, au tuseme usimamizi, na jambo hili lina ushahidi wake mkali. Watafiti wa Bristol na Exeter, Uingereza, walichapisha mwaka 2012 jaribio la watu 361 wenye sonona, ambamo nusu walipata matibabu ya kawaida na nusu nyingine wakaongezewa mshauri aliyekutana nao mara chache na kuwapigia simu kwa miezi 8 akiwahimiza waongeze shughuli za mwili, kila mtu kwa namna aliyoipenda. Waliohimizwa waliongeza kweli mazoezi yao, lakini sonona yao haikupungua kuliko ya wenzao. Ukiliweka jaribio hili kando ya lile la Duke, ambako wagonjwa walifanya mazoezi mara 3 kwa wiki chini ya macho ya msimamizi, unaona kwamba ushauri na tiba ni vitu viwili. Mwambie mtu mwenye sonona "jitahidi ufanye mazoezi", na umemwongezea tu jambo moja zaidi la kushindwa na la kujilaumu usiku. Mwendee saa 12 asubuhi, usubiri mlangoni afunge kamba za viatu, mtembee naye, na umefanya kazi ambayo ugonjwa ulikuwa umeizuia.

Bado lipo suala la nje, kwani majaribio mengi yaliyotajwa hayakujali kama mtu alikimbia chini ya mti au kwenye mashine ndani ya ukumbi. Mwaka 2007, shirika la Uingereza la afya ya akili liitwalo Mind lilitoa ripoti yenye utafiti wa Chuo Kikuu cha Essex, ambamo watu 20 walitembea siku moja katika bustani ya miti na siku nyingine ndani ya jengo la maduka. Asilimia 71 walisema kwamba hisia zao za sonona zilipungua baada ya matembezi ya bustanini, wakati dukani waliosema hivyo walikuwa asilimia 45, na asilimia 22 walisema kwamba huko hali yao ilizidi kuwa mbaya. Matembezi mawili ya watu 20 hayawezi kuitwa tiba, na mapitio ya mwaka 2011 yaliyokusanya majaribio 11 ya kulinganisha mazoezi ya nje na ya ndani yalikuta dalili nzuri kwa upande wa nje, zikiwemo hasira na mkazo kupungua, lakini pia yalikuta tafiti fupi zenye washiriki wachache. Utafiti unaofikirisha zaidi ni ule wa Gregory Bratman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, wa mwaka 2015, ambao uliwagawa watu 38 wenye afya, wengine wakatembea dakika 90 kwenye vilima vya nyasi na miti na wengine kando ya barabara yenye magari mengi. Waliotembea kwenye nyasi walipungukiwa na tabia ya kuyarudiarudia mawazo mabaya juu ya nafsi zao, na picha za ubongo zilionyesha kupungua kwa shughuli katika sehemu ya mbele inayohusishwa na huzuni na kujitenga. Waliotembea barabarani hawakupata badiliko hilo.

Kuyarudiarudia mawazo ni jambo ambalo Kiswahili kililitambua zamani bila mashine. Mtu mwenye hali hii husemwa kwamba "ana mawazo", ingawa kila binadamu anayo, na wanaomsema hivyo hawamaanishi wingi wa fikra bali fikra chache zinazozunguka bila kutoka, kama ng'ombe wa kinu cha kukamua mafuta. Kishona cha Zimbabwe kina neno "kufungisisa", kuwaza kupita kiasi, linaloeleza maradhi yale yale, na hapo panaonekana daraja kati ya njia mbili zinazosemwa kuwa zinashindana. Tiba ya mazungumzo huivunja duara hiyo kwa kuyatoa mawazo hadharani, yakasikika kwa sauti, yakajibiwa. Kutembea mahali palipo wazi huivunja kwa kuvuta macho na masikio kwenda kwingine bila kuyalazimisha. Mazoezi yana pia kazi yake ndani ya mwili, kama ilivyoonekana mwaka 2011 pale wazee 60 hivi kati ya 120 walipotembea dakika 40, mara 3 kwa wiki, kwa mwaka mzima, na sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi, inayohusika na kumbukumbu na ambayo mara nyingi huwa ndogo kwa wenye sonona, ikaongezeka kwa takriban asilimia 2, wakati ya wenzao waliofanya mazoezi ya kujinyoosha tu iliendelea kusinyaa.

Matokeo ya nchi za kaskazini, hata hivyo, hayapandikizwi Mwanza au Kisumu kama mche wa mchicha. Sehemu ya faida ya kutoka nje katika nchi hizo huenda ni mwanga wenyewe, kwa kuwa wakati wa baridi kali watu hukaa ndani miezi mingi, na sonona ya msimu, iliyoelezwa na Norman Rosenthal na wenzake mwaka 1984, hutibiwa kwa taa zenye mwanga wa luksi 10,000, ilhali jua la mchana peupe hufika luksi 100,000. Mwanamke wa Afrika Mashariki anayeuza mboga barabarani hana upungufu wa jua. Hana pia upungufu wa mwendo. Tafiti zilizokusanywa mwaka 2017 kwa ajili ya kulinganisha aina za shughuli za mwili zilionyesha kwamba mazoezi ya wakati wa mapumziko huambatana na afya bora ya akili, lakini shughuli nzito za kazini haziambatani na faida hiyo, na mara nyingine huambatana na hali mbaya zaidi. Ndoo ya maji ya lita 20 inayobebwa kichwani kilomita nzima inapandisha mapigo ya moyo kama zinavyofanya mbio za taratibu, lakini anayeibeba hakuichagua, haioni kuwa yake, na hapati pumziko mwishoni. Anayemwandikia mwanamke huyo kutembea kama dawa hajamwona.

Kwa upande wa mazungumzo, ni Afrika iliyotoa baadhi ya ushahidi wenye nguvu zaidi duniani, na inasikitisha kwamba haufahamiki sana nyumbani. Mwaka 2002, katika vijiji 30 vya wilaya za Masaka na Rakai, kusini mwa Uganda, watafiti wakiongozwa na Paul Bolton, ambao awali walikuwa wamewauliza wenyeji majina yao wenyewe ya ugonjwa na kupewa maneno ya Kiganda ya kujichukia na kujihurumia, waliwafunza watu wa huko huko kwa wiki mbili kuongoza vikundi vya tiba ya mahusiano, wanawake kwa wanawake na wanaume kwa wanaume, kikao kimoja cha dakika 90 kwa wiki kwa wiki 16. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2003, waliobaki na sonona kali katika vijiji vilivyopata vikundi walikuwa asilimia 6.5, na katika vijiji ambavyo havikupata walikuwa asilimia 54.7. Huko Harare, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na bibi 14 wa mtaa wa Mbare, waliofunzwa kuketi na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati na kuwasaidia kulichambua tatizo moja moja. Hatua ya kwanza ya tiba hiyo huitwa kwa Kishona "kuvhura pfungwa", kufungua fikra. Jaribio la watu 573 katika zahanati 24, lililochapishwa mwaka 2016, lilikuta baada ya miezi 6 kwamba wenye dalili za sonona walikuwa asilimia 13.7 kati ya waliokaa kwenye benchi na asilimia 49.9 kati ya waliopata huduma ya kawaida, na tangu hapo mpango huo umevuka mipaka hadi Malawi na Zanzibar.

Inafaa kulitazama benchi lile kwa makini. Liliwekwa nje kwa sababu ndani ya zahanati hapakuwa na chumba, na kumbe kukosa chumba kukazaa tiba inayofanyika chini ya mti, penye upepo, bila mlango wenye kibao kinachomtangaza aingiaye kuwa mwendawazimu. Mtu wa Lamu, Mombasa au Mji Mkongwe hahitaji kuelezwa zaidi, kwa kuwa baraza ya jiwe mbele ya nyumba imekuwa mahali pa maongezi ya nje kwa vizazi, ijapokuwa baraza si faragha na mambo yake husafiri, na ndiyo sababu msikilizaji aliyefungwa na kiapo cha siri bado anahitajika hata pale penye jamaa wengi.

Tofauti ya kweli kati ya njia hizi mbili inajitokeza pale chanzo cha sonona kinapokuwa mtu au tukio. Mbio za kila asubuhi hazimbadilishi mume anayepiga, hazimrudishi mtoto aliyekufa, wala hazimwelezi kijana nini cha kufanya na deni. Kwa mambo hayo maneno yana kazi ambayo miguu haiwezi. Kwa mwenye sonona kali, asiyekula, anayesikia sauti au anayewaza kujiua, hakuna kati ya njia hizi mbili inayotosha peke yake, na anatakiwa afikishwe hospitalini haraka, ambako dawa zina nafasi yake bila aibu yoyote. Kwa upande mwingine, wapo wasioweza kuzungumza, hasa wanaume waliolelewa kuamini kwamba kulia ni kushindwa, na hao huanza kusema wakiwa bega kwa bega njiani, macho yakitazama mbele, jambo ambalo wasingelisema wakiwa wameketi uso kwa uso.

Tanzania ina mila ya mazoezi inayolingana na hitaji hilo karibu kikamilifu. Mchakamchaka, mbio za taratibu za alfajiri zinazokwenda kwa nyimbo za kupokezana, umefundishwa shuleni na katika Jeshi la Kujenga Taifa kwa miongo mingi, na klabu za joging za Dar es Salaam na Unguja zimeuendeleza mitaani, wazee kwa vijana, kila mwisho wa wiki. Mbio hizo ni za kundi, zina kiongozi, zina siku maalumu, na wimbo huwaweka wote katika mwendo wa yule wa polepole, kiasi kwamba aliyechoka habaki nyuma peke yake. Kinachozipunguza nguvu ni mahali pa kukimbilia. Viwanja vya wazi vya miji vimeendelea kumegwa na majengo, na msitu wa Karura jijini Nairobi, wenye zaidi ya hekta 1,000, ambako leo maelfu hutembea na kukimbia, upo kwa sababu Wangari Maathai na wenzake walipigwa na kujeruhiwa mwaka 1999 wakizuia ugawaji wake. Mwanamke, naye, anahitaji njia yenye taa na isiyo na matusi kabla hajaambiwa kwamba alfajiri ni dawa.

Klabu hizo za joging tayari hufanya jambo moja la maana: mwanachama asipoonekana, huuliziwa. Kinachokosekana ni mtu mmoja ndani ya kila klabu aliyefunzwa kama walivyofunzwa bibi wa Mbare, anayejua kwamba anayekosa wiki ya tatu mfululizo huenda hajachoka mbio, anayeweza kukaa naye barazani na kumuuliza maswali 9 ya dodoso la sonona kuhusu usingizi, chakula, hamu na mawazo ya kufa, na anayejua jina la zahanati ya kumpeleka asubuhi ile ile endapo swali la tisa litajibiwa kwa ndiyo.